Mtetemo Mkononi, Shimo Miguuni

Fimbo nyeupe ina pengo ambalo wasioona wengi wanalijua kwa paji la uso: hupapasa ardhi tu. Tawi lililoinama, kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa, dirisha lililofunguliwa kwa nje, vyote viko juu yake. Hapo ndipo vifaa vya mtetemo vinapata hoja. SmartCane, iliyobuniwa IIT Delhi, chuo cha teknolojia nchini India, na kuingia sokoni humo mwaka 2014, hufungwa kwenye fimbo ya kawaida. Hurusha mawimbi ya sauti yasiyosikika, na kukiwa na kizuizi kuanzia magotini kwenda juu, ndani ya mita 3 hivi, mpini hutetema. Bangili ya Sunu hufanya kazi hiyo kwenye kifundo cha mkono. Masikio hubaki huru, na kwa anayevuka barabara kwa kusikiliza magari hilo si jambo dogo.

Hayo nayakubali. Kinachonikera ni vinapopigiwa debe kama macho mapya. Mtetemo unakwambia kuna kitu. Haukwambii ni ukuta, mbuzi au mtu ambaye ameshakuona na anakupisha. Mwaka 1969 mtafiti Paul Bach-y-Rita na wenzake walipanga vitetemeshi 400 kwenye mgongo wa kiti ili asiyeona atambue picha kwa ngozi, na bado alihitaji mazoezi mengi. Sasa bangili moja itasema nini? Ipeleke Kariakoo Jumamosi mchana, itatetema mfululizo mpaka mwenyewe aizime. Na mtaro usio na mfuniko? Mawimbi yakielekezwa mbele hayauoni. Ncha ya fimbo ingeugundua.

Bei nayo ina mambo yake. SmartCane iliuzwa takriban rupia 3,000, nafuu kabisa ukilinganisha na fimbo za kielektroniki za Ulaya zinazofika mamia ya dola. Lakini Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba kati ya watu 10 wanaohitaji vifaa saidizi, ni 1 tu anayevipata. Wengine hata fimbo ya kawaida hawana.

Ningekuwa na fungu la shule ya wasioona, ningeanza na fimbo na mwalimu wa kufundisha kutembea nayo. Kifaa cha mtetemo ningempa aliyekwisha kuimudu, akilinde kichwa chake. Na kabla ya kulipa ningemuuliza muuzaji: betri ikichoka, nani ataibadilisha, na wapi?