Kodi ya mbunifu: Estonia na Kibuye

Jamaa wa Kisumu wakinipigia simu huniuliza kama ni kweli huku Tallinn, mji mkuu wa Estonia, serikali inawagawia vijana pesa za kubuni vitu. Pesa zipo, ila si nyingi kama wanavyodhani. Mimi kinachonitia wivu ni namna wanavyotoza kodi, na jinsi ofisi zao zisivyomsumbua mtu.

Estonia ina watu takriban milioni 1.3, wanaozidi kidogo tu wale wa Kaunti ya Kisumu. Tangu mwaka 2000, kampuni ya huku haitozwi kodi ya mapato kwa faida inayobaki ndani ya biashara. Ukinunua mashine nyingine, serikali inasubiri. Itachukua chake siku wenye kampuni watakapogawana faida. Kwetu Kenya, fundi wa jua kali anayelipa kodi ya mauzo hukatwa asilimia 3 ya kila anachouza, apate faida asipate. Na anayejaribu kitu kipya, miaka ya mwanzo huwa ni hasara tupu!

Shemeji yangu ni fundi pale Kibuye, sokoni Kisumu. Ametengeneza kikaushio cha omena, wale dagaa wa ziwani: fremu ya chuma, nailoni ngumu juu, ndani trei za wavu zimepangwa moja juu ya nyingine. Alikuwa akiwaona akina mama wa Dunga, ufukweni mwa ziwa, mvua ikishika, omena zinawaozea juu ya nyavu na wanaishia kuziuza kwa bei ya chakula cha kuku. Kikaushio kinafanya kazi, nimekiona kwa macho yangu. Lakini alipotaka kukisajili, ofisi ya kwanza ilidai nakala ya kitambulisho, cheti cha PIN (namba ya mlipa kodi) na leseni ya biashara. Ya pili ikadai zile zile. Ya tatu vilevile, tena zigongwe muhuri wa wakili. Muda wote huo karakana imefungwa.

Huku ofisi za serikali zimeunganishwa tangu 2001 kwa mfumo wa X-Road. Ukishatoa taarifa zako kwa ofisi moja, nyingine inazichukua huko huko. Kanuni yao ni kwamba raia asiulizwe jambo lile lile mara mbili.

Najua nitaambiwa ni rahisi kwao kwa sababu nchi ni ndogo. Lakini sisi tuna eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kama inaweza kupokea ada za ofisi nyingi hivyo, inashindwaje kupitisha cheti kimoja kutoka ofisi hadi ofisi?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, na ahadi hiyo haijatimizwa. Sawa, hizo ni pesa nyingi, wabunge wetu waendelee kuzipigania. Ila mswada ujao wa fedha ukifika bungeni, nawaomba wa Nyanza na Magharibi waanze na hili dogo: mtu aliyebuni chombo chake mwenyewe asitozwe ile asilimia 3 kwa miaka mitatu ya kwanza.