Mafunjo yangu si pori

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nilirudi kutoka sokoni nikakuta kijana ameshafyeka mafunjo yangu yote, ile mimea mirefu ya mabondeni. Katumwa na mzee jirani. "Nimekuondolea hilo pori, mwanangu," akaniambia, anangoja shukrani. Nikamwamkia, nikashukuru. Ningefanyaje? Ni rika la baba. Hasira naimwaga huku.

Pori! Kichaka chenyewe hakizidi upana wa mkeka, kimezungushiwa mawe, kimekaa palepale maji ya bafuni yanapotokea. Mashina yakikauka nayakata. Machipukizi yakivuka mawe nayang'oa. Kwake mzee zimetandikwa nyasi za plastiki; saa saba mchana zikanyage pekupeku uone utakavyoruka. Huo ndio unadhifu.

Kinachoniuma ni hiki: mafunjo hayahaya yakiwa kwenye chungu mlangoni pa hoteli Dar, tunapanga foleni kupiga nayo picha. Yakitoka bondeni kwetu ni uchafu. Ua zuri, kwa akili zetu, lazima lijae mimea ya kununua, inayodai mpira wa maji kuanzia Juni, na sisi Lindi mvua tuna msimu mmoja tu. Mafunjo yangu yanakunywa maji niliyokwisha kuogea! Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar kule Kilwa, maji yaliyoteremka mtaani yalichimba chini ya uzio wa watu wawili ninaowajua. Kwangu udongo haukuondoka, mizizi iliushika. Lakini nani anataka kusikia habari za mizizi, wakati pevingi inapendeza?

Mbu? Maji yakituama wapo, ndiyo maana kwangu yanazama mchangani, hayasimami. Nyoka... haya, alipita mmoja. Mwaka juzi. Alikuwa safarini.

Na msinichanganyie na ndago, yale magugu ya shambani. Ni ndugu, sikatai. Bana shina lolote kati ya hayo utahisi pembe tatu. Ila ndago ukiipiga jembe umeizalisha, kila kiazi chake kidogo kilichobaki ardhini kinachipua. Nimelima shamba la marehemu bibi, simtetei mnyama yule.

Jana jioni nimeona vichwa vitatu vya kijani vimechomoza kati ya mawe. Jumamosi ya usafi ijayo siendi sokoni.