Knicks mtanisamehe, Boston wanapita

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nane kamili kwa saa zetu, Boston Celtics na New York Knicks wanaanza nusu fainali ya Kanda ya Mashariki ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Hapa Mbeya saa nane usiku mwezi wa tano si saa ya michezo. Baridi imeshaanza kushuka kutoka Loleza, na hakuna kibanda umiza kitakachobaki wazi kwa ajili ya mpira wa kikapu. Wengi tutaangalia kwenye simu, ndani ya blanketi, tukiomba bando lisiishe kabla ya robo ya nne. Kwa hiyo kabla hujatega kengele, acha nikwambie ninavyoiona hii vita.

Boston wanapita. Mechi sita, maana anayewahi kushinda nne ndiye anayesonga mbele.

Najua nitatukanwa, maana mji huu umejaa Knicks. Pita mitumbani Mwanjelwa uone jezi za bluu na chungwa zinavyogombaniwa. Juzi kijana mmoja amenikunjulia jezi ya Anthony namba 7, shingo imepauka, ile saba imebanduka pembeni: "Braza, hii New York yenyewe, elfu kumi na tano, tena kwa sababu ni wewe." Nina uhakika nusu ya mashabiki wa Knicks wa hapa walianza na jezi, timu ikafuata baadaye. Sio dhambi. Ila huyo Carmelo Anthony wa mgongoni ndiye aliyekuwa nyota wao mara ya mwisho timu hizi kukutana kwenye mtoano, mwaka 2013, Knicks wakashinda 4-2. Miaka 12 imepita, na Boston hii si ile.

Uhasama wenyewe ni wa zamani. Timu zote mbili zilianza mwaka 1946 na hazijawahi kuhama miji yao, na kutoka Boston hadi New York kwa barabara ni mwendo unaokaribiana na wa Mbeya hadi Iringa. Boston wana makombe 18, la mwisho wamelichukua mwaka jana. Knicks wana mawili, la 1970 na la 1973. Hilo la 1973 wazee wa New York hawachoki kulisimulia, kwa sababu Boston walikuwa wameshinda mechi 68 msimu ule, kisha Knicks wakaenda kuwatoa kwenye mechi ya saba, palepale Boston.

Tuje kwenye msimu huu. Wamekutana mara nne, Boston wameshinda zote nne. Ya kwanza, Oktoba 22, Boston walitumbukiza mitupo 29 ya pointi tatu, wakaifikia rekodi ya ligi, matokeo 132-109. Februari wakaenda New York wakashinda 131-104. Mashabiki wa Knicks watakukumbusha ile ya Aprili iliyofika muda wa nyongeza, 119-117, na watakwambia Mitchell Robinson alikuwa majeruhi kwenye zile tatu za mwanzo. Hoja ya Robinson naikubali, ana mikono ya kuokota ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa, na Knicks waliikosa sana mikono hiyo. Hiyo nyingine ya "tulikaribia" siinunui.

Tatizo la Knicks ni kwamba wana watu wawili wa kufichwa kwenye ulinzi, na wawili hao ndio nyota wao. Jalen Brunson ana mita 1.88. Karl-Anthony Towns ni mrefu lakini miguu yake ni mizito anapotolewa nje. Boston hawahitaji ujanja mwingi hapo. Yeyote anayelindwa na Brunson anaitwa aje aweke skrini, yaani asimame kumzibia njia mlinzi wa mwenzake, walinzi wanabadilishana, mara Brunson anajikuta amesimama mbele ya Jayson Tatum mwenye mita 2.03. Ukileta msaada, mpira unapigwa pembeni kwa Derrick White au Jaylen Brown, pointi tatu. Towns naye akimfuata Kristaps Porzingis nje, chini ya kikapu panabaki uwanja wa ng'ombe. Asipomfuata, Porzingis anapiga juu yake. Timu hii msimu huu zaidi ya nusu ya mitupo yake imekuwa ya pointi tatu, na hata benchi haipumzishi mtu: anaingia Payton Pritchard, aliyetwaa tuzo ya mchezaji bora wa akiba, au Al Horford, ambaye mwezi ujao anatimiza miaka 39 na bado anapiga.

Upande wa pili ndio unaonifurahisha zaidi. Boston wanampa Jrue Holiday kazi ya kumlinda Towns, ingawa Towns anampita urefu mbali, halafu senta wao, yule mrefu wa chini ya kikapu, anawekwa kwa Josh Hart wa Knicks na kuambiwa asimjali sana akiwa nje. Maana yake Brunson akiomba skrini ya Towns, anakutana na walinzi wawili wanaobadilishana bila wasiwasi, na yule mrefu bado yuko nyuma anasubiri. Mimi ningekuwa Tom Thibodeau, kocha wa Knicks, ningemtumia Hart mwenyewe kuweka skrini, yule senta alazimike kutoka nje. Lakini Thibodeau ni mtu wa kikosi kilekile, dakika zilezile, hadi watu wakate pumzi.

Kinachonitisha ni Brunson. Raundi iliyopita, mechi ya sita dhidi ya Detroit, alifunga pointi 40, na ile tatu ya mwisho, zikiwa zimebaki sekunde chache, alimyumbisha Ausar Thompson mpaka akabaki peke yake. Ligi imempa tuzo ya mchezaji bora wa dakika za mwisho na hakuna aliyeshangaa. Mechi ikiwa sare robo ya nne, mpira kwake, mimi mwenyewe sitakaa vizuri.

Na Boston si wazima kabisa. Goti la Brown limemsumbua, Holiday alikosa mechi tatu za mwisho za raundi iliyopita dhidi ya Orlando kwa msuli wa paja, Tatum aliumia kifundo cha mkono akakosa moja. Tena wana ukaidi: pointi tatu zikigoma, wanaendelea kuzipiga. Ndiyo maana nawapa Knicks mechi mbili. OG Anunoby, yule mzaliwa wa London mwenye wazazi wa Kinigeria, anaweza kumbana Tatum usiku mmoja au miwili. Mikal Bridges ndiye ninayemdai. Knicks walitoa chaguzi tano za raundi ya kwanza ya drafti, ule mgawo wa wachezaji wapya wa ligi, kumpata, na bado sijaona hesabu ikirudi.

Kama una kazi asubuhi, hizi mbili za mwanzo zinazochezwa Boston, ya kuamkia Jumanne na ya kuamkia Alhamisi, soma matokeo ukiamka. Ya tatu, Jumamosi tarehe 10, inaanza saa nne na nusu usiku kwetu, na hiyo hata mwenye duka Uyole anafunga na kuiwahi. Mimi nimeshasema 4-2 Boston. Mkeka ukichanika, usije kunidai.