Alichokula Kiwavi Ndicho Anachokula Kinyonga

Kinyonga wangu aligoma kula siku nne mfululizo. Nilimwekea nyenje, akawatazama kwa jicho moja huku la pili likizunguka kwingine, kisha akageuka na kupanda zake juu. Macho yalikuwa yameanza kudidimia kidogo, dalili ya mwili unaopungukiwa maji. Daktari wa wanyama alimpima, hakukuta ugonjwa, akaniagiza nimnyunyizie maji kwa muda mrefu zaidi kila asubuhi na nimtafutie chakula chenye majimaji. Siku ya tano nikamwekea kijitini kiwavi mwenye pembe, wa samawati, laini, mnene kama kidole cha mtoto. Kiwavi aliinua kichwa akawa anapapasa hewa. Sijaondoa hata mkono, ulimi ukawa umeshatoka na kurudi.

Tangu siku hiyo ninalea viwavi, na ninachotaka kusema hapa nakisema kwa uzito wote: ukifuga kinyonga unafuga wanyama wawili. Yupo yule wa kizimbani unayempenda, na yupo yule wa koponi unayemwona chakula tu. Huyu wa koponi asipotunzwa, wa kizimbani ndiye atakayeumia. Wafugaji wenzangu wengi hununua kopo la viwavi, wakaliweka kabatini, wakachomoa mmoja mmoja hadi waishe, bila kujiuliza viwavi hao wamekula nini na wana hali gani. Nami nilianza hivyohivyo.

Kiwavi ninayemzungumzia ni mtoto wa nondo mkubwa aitwaye kitaalamu Manduca sexta, mwenye asili ya mabara ya Amerika. Jina lake la pili alipewa na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya kitaalamu, mwaka 1763, nalo linahusu madoa ya manjano ubavuni mwa nondo, ambayo kwa kawaida huwa jozi sita. La kwanza, Manduca, linatokana na neno la Kilatini la mlafi, na ukimlea wiki moja utakubali kwamba jina limempata mwenyewe. Anatoka yaini akiwa na uzito wa kama miligramu 1. Kwenye joto zuri, wiki tatu hazijaisha, anafika gramu 10. Hiyo ni mara elfu kumi. Mtoto mchanga wa kilo tatu angekua kwa kiwango hicho angekuwa na tani thelathini. Sasa fikiria: mwili wote huo umejengwa na kitu gani? Umejengwa na kile ulichomwekea, hana pengine pa kutoa. Akila kibovu, ubovu huo unaenda moja kwa moja kwenye tumbo la kinyonga.

Kuna wanaodharau viwavi hawa wakisema ni maji matupu. Ni kweli kwamba takriban asilimia 85 ya mwili wao ni maji, protini ni kama asilimia 9 na mafuta ni asilimia 3 hivi. Ukimpa kinyonga viwavi peke yao kila siku utamdhoofisha, na hapo sibishani na mtu. Fosforasi yao pia inaizidi kalsiamu karibu mara tatu, kwa hiyo lazima uwapake unga wa kalsiamu kabla ya kuwatoa, na taa ya mionzi ya urujuanimno iwe inafanya kazi, la sivyo mifupa ya kinyonga italainika na kupinda. Lakini kuyaona maji hayo kama kasoro ni kutomwelewa kinyonga. Huyu si mnyama wa kuinamia bakuli. Kwa kawaida anakunywa matone yaliyotua kwenye majani, na wengine hata matone hayo wanayasusa wakiwa na hofu au wakiwa wamehamishiwa mahali pageni. Kwa kinyonga wa namna hiyo, kiwavi mmoja aliyejaa maji ni kinywaji kilichofungwa ndani ya chakula. Nyenje na mende waliolishwa vizuri ndio ugali wake, kiwavi ni mchuzi. Mimi natoa viwavi wawili watatu kwa wiki, na wakati wa kujivua ngozi au wa joto kali naongeza kidogo.

Nirudi kwenye ile rangi ya samawati, maana inafundisha mengi. Kiwavi huyu akila majani huwa wa kijani. Ndani ya damu yake mna rangi ya buluu anayoitengeneza mwenyewe, na kuna rangi ya manjano anayoipata kwenye majani, ileile jamii ya karotini. Buluu na manjano zikikutana unapata kijani. Chakula tunachowapa majumbani hakina manjano hiyo ya kutosha, ndiyo maana wanabaki samawati. Yaani kabla hujampima kwa lolote, ngozi yake imeshakwambia alichokula. Nilipolijua hili nikaacha kuwaona viwavi kama vitu vya dukani.

Chakula chenyewe kilitokana na kazi za maabara za miaka ya 1960 na 1970, wanasayansi walipohitaji viwavi wengi wa kuchunguzia ukuaji na homoni. Msingi wake ni kiini cha ngano, kaseini (protini ya maziwa) au unga wa maziwa, sukari, hamira, chumvi za madini na vitamini, vyote vikashikamanishwa na aga, unga wa mwani unaogandisha, iliyochemshwa hadi vikawa kama jeli ngumu. Unaweza kununua unga uliokwisha kuchanganywa, ukaukoroga kwenye maji ya moto na kuumimina. Jambo moja usilifanyie haraka: vitamini C ikitiwa mchanganyiko ukiwa bado unatokota, joto linaiharibu. Ngoja upoe kidogo, ukiwa bado haujaganda.

Makopo nayapanga hivi. Chakula nakibandika chini ya kopo, namwekea kipande cha wavu wa plastiki cha kupandia, nafunga kwa kifuniko chenye matundu, kisha nalipindua kopo zima. Chakula kinakuwa juu kama dari, viwavi wananing'inia wakila, na kinyesi kinadondoka kwenye kifuniko badala ya kurundikana juu ya chakula. Kinyesi hicho si kidogo, nacho ni vipande vikavu vyenye mifereji pembeni, kana kwamba vimefinyangwa. Namwaga kila siku. Joto la nyuzi 27 linawakuza mbio, na nikiona wanakua kuliko kinyonga anavyoweza kula, nawahamishia mahali penye nyuzi 14 au 15 wapunguze mwendo. Friji ya kawaida ni baridi mno kwao.

Nilishapoteza kopo zima. Niliwarundika viwavi zaidi ya thelathini, matundu ya kifuniko yakazibwa na chakula, na nilipokuja kutazama baada ya siku mbili, kuta zilikuwa zikitiririka maji, ukungu umeota, na viwavi kadhaa wamekuwa weusi, wamelegea kama uzi uliolowa, wananuka. Wachache walikuwa bado wazima kwa kuwatazama tu. Kishawishi cha kuwaokoa hao kilikuwa kikubwa, maana nilikuwa nimewalea tangu mayai. Niliwatupa wote. Kiwavi aliyekaa na wagonjwa simpi mnyama ninayemtegemea kuishi miaka, na namwomba kila mfugaji awe na msimamo huo hata kama kopo lilimgharimu.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni kuwatazama wanapojivua. Wanajivua ngozi mara nne kabla ya kukomaa. Siku moja kabla, kiwavi anaacha kula, anashikilia wavu kwa miguu yake ya nyuma, anainua kifua na kutulia tuli. Ukitazama kwa karibu unaona kichwa kimesogea mbele, kimekuwa kidogo kwa mwili, na nyuma yake ngozi imevimba na kung'aa: hapo ndipo kichwa kipya kinapojitengeneza, kikubwa kuliko cha zamani. Halafu mawimbi yanaanza kupita mwilini kutoka mkiani kwenda mbele, ngozi inapasuka nyuma ya shingo, naye anatoka taratibu, pembe yake ikiwa laini na imelala. Ganda la kichwa linabaki usoni kama kofia hadi alisukume lidondoke. Kiwavi aliyetulia hivyo usimguse. Wengi hudhani amekufa au ni mvivu, wakamng'oa na kumtupia kinyonga. Ukimng'oa wakati huo unaweza kumchana, na kwa vile hatikisiki, kinyonga naye hamwoni kuwa chakula. Ngoja saa chache. Atakapoanza tena kutembea ndipo anapovutia.

Pembe hiyo inawatisha watu bure. Haichomi wala haina sumu. Kinachohitaji uangalifu ni miguu ya nyuma, kwa sababu inakamata kijiti kwa nguvu za ajabu, na kinyonga akimrushia ulimi kiwavi aliyejishikilia, ulimi unavuta upande mmoja na kiwavi upande wa pili. Ulimi ule ndio maisha ya kinyonga. Siku hizi namweka kiwavi kwenye kikombe chenye kuta laini au namshika kwa kibano mbele yake, na nachagua wale wa sentimita tatu hadi tano. Wale wakubwa kabisa ni mzigo kwa tumbo la mnyama.

Sasa neno ambalo silifanyii mzaha. Rafiki alinitumia picha ya kiwavi mnene mwenye pembe aliyemkuta kwenye miche ya nyanya, akiniuliza amhifadhie kinyonga wangu. Nilimjibu hapana, asante. Viwavi wanaoishi kwenye nyanya na tumbaku hubeba sumu za mimea hiyo tumboni mwao, nikotini ikiwemo, sumu ambazo wao wamejaliwa kuzistahimili na kinyonga hakujaliwa. Ongeza dawa za kupulizia bustani, ongeza nyigu wanaotaga ndani ya viwavi. Umbo likiwa lilelile, hata jina likiwa lilelile, huyo wa bustanini na huyu wa koponi ni vyakula viwili tofauti, kwa sababu ileile niliyoanza nayo: wamekula vitu tofauti. Sisikii hoja ya "mimi nilimpa wangu na hakufa."

Kila kopo nawaacha watatu au wanne wakue hadi mwisho. Siku ikifika wanaacha chakula, wanaanza kuzunguka kopo usiku kucha, na mgongoni unatokea mstari mweusi unaodunda. Huo ni moyo wake, unauona kwa macho yako bila chombo chochote. Hapo nawahamishia kwenye ndoo yenye udongo uliolowa kidogo, wa kina cha sentimita 15, wakazama wenyewe na kuwa pupa, yaani ile hali ya kutulia kabla ya kuwa nondo, za kahawia zenye kitu kama mpini wa jagi mbele, mfuko wa ule mrija mrefu ambao nondo atanywea. Taa nawaachia saa 16 kwa siku tangu wakiwa viwavi, maana siku zikiwa fupi pupa huamua kulala kwa miezi.

Nondo wanatoka baada ya wiki tatu hivi. Mabawa yaliyonyooka yana upana wa kama sentimita 10, nao wanaelea hewani wakinywa maji ya sukari bila kutua. Jike hutaga akisikia harufu ya mmea wa jamii ya nyanya, kwa hiyo naweka mche mmoja ambao haujawahi kupuliziwa dawa, na asubuhi naokota mayai yote kabla hayajaanguliwa. Kiwavi akishaonja jani la jamii hiyo mara nyingi anakataa chakula kingine chochote, basi hapo umempoteza.

Wanaosalia siwaachii nje, na nakusihi usiwaachie. Kwenye mashamba ya nyanya na tumbaku ni waharibifu wakubwa, na nchi nyingi zina sheria kali kuhusu kuwaingiza au kuwasafirisha, kwa hiyo ulizia kwanza unapoishi kabla hujaagiza hata yai moja. Usiporuhusiwa, viwavi wa hariri wanaolishwa majani ya mforosadi ni chakula kizuri pia. Mimi madume waliokwisha kupandisha nampa kinyonga jioni, mabawa yanapapatika naye anakuja mbio kutoka upande wa pili wa kizimba, mbio kwa kiasi cha kinyonga.

Leo alfajiri nimeokota mayai arobaini na moja kwenye jani, ya kijani hafifu, madogo kuliko kichwa cha kiberiti. Nimeyahamisha kwa brashi ya rangi ya maji, moja moja, kwenye kopo kavu lenye chakula kipya. Joto likikaa hivi, yataanguliwa siku ya nne.