Mpe mwenzio

Jumamosi asubuhi hapa Leicester, Uingereza, binti yangu ananawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa. Kula tu tunagombana kuhusu kunawa, lakini leo mezani kuna pakiti ya Pokémon, zile kadi za katuni za Kijapani ambazo watoto huzikusanya na kuzichezea, na kadi hazishikwi na vidole vyenye siagi. Anaichana taratibu pale juu penye mshono, anatoa kadi zote 10 kwa mpigo, anazigeuza kifudifudi, kisha ananikabidhi nizifunue moja moja. Yeye kazi yake ni kusoma alama ndogo iliyo chini pembeni. Duara ni ya kawaida, almasi ni adimu kidogo, na nyota ndiyo inayotufanya wote wawili tuache kupumua. Pakiti ni kama pauni 4. Najua nyumbani hela hiyo inanunua nini, msinikumbushe.

Wiki iliyopita mtoto wa jirani alikuja na mama yake. Akaomba kushika albamu. Binti yangu akafungua, akamwonyesha: "Hii shika, hii shika, hii hapana." Mtoto akasema sawa. Mama yake akaendelea kunywa chai. Mimi nilikaa pale nimekakamaa, nasubiri mtu mzima mmoja atamke yale maneno. Hakuna aliyeyatamka.

Mnayajua. Mpe mwenzio. Wewe mkubwa. Mgeni huyo, mwachie.

Kadi hizi zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1996. Mwaka huo mimi nilikuwa na miaka tisa, Tanga, na kopo la Blue Band lililojaa gololi. Nilizishinda zote mwenyewe, magoti yakiwa mavumbini. Wakaja wageni kutoka Muheza, mtoto wao akalilia lile kopo, na jioni likaondoka naye. Nilipofungua mdomo nikaambiwa mkubwa ni jalala. Ukiwa kifungua mimba umeshaisikia mara ngapi hiyo?

Desemba tulienda nyumbani. Binti yangu akabeba albamu yake kwenye begi la mgongoni, hakukubali iingie kwenye sanduku. Ndani kulikuwa na Psyduck, yule bata wa manjano anayeshika kichwa kwa mikono miwili, namba 54, kutoka toleo la kadi liitwalo 151 nililomnunulia siku ya Idi. Ni kadi ya alama ya duara, sokoni haina thamani. Lakini ndiyo ya kwanza aliyoitoa kwenye pakiti kwa mkono wake. Mtoto wa dada yangu akaipenda hiyo hiyo. Bibi yao akasema kwa upole kabisa, "Mke mwenzangu, mpe mwenzio, wewe huko utapata nyingine." Binti yangu akanigeukia mimi.

Nikasema, "Mpe."

Akampa. Hakulia mbele ya watu. Usiku, ndani ya chandarua, akaniuliza: "Baba, kwani ile ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo linanikera kwamba sikuwa nalo. Si mama yangu aliyekosea. Yeye alisema alichofundishwa. Mimi ndiye niliyemnunulia mtoto kitu nikamwambia ni chako, halafu nikakitoa kwa neno moja ili nisionekane nimelea Mzungu.

Sasa naona mnavyojiandaa. Ulaya imempanda kichwani. Anatuambia tuna roho mbaya kwa sababu ya kikaratasi. Ndugu zangu, nauli iliyonileta huku ilichangwa. Shangazi aliuza cherehani yake. Nimekula kwa majirani siku ambazo kwetu jiko halikuwaka, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Nani anifundishe mimi thamani ya kutoa? Lakini shangazi alitoa cherehani yake. Yake! Aliamua mwenyewe, ndiyo maana siwezi kuisahau. Gololi zangu mimi sikuzitoa, zilichukuliwa, na aliyezipata wala hakujua kama kuna mtu wa kumshukuru.

Wala siwasifii watu wa huku kila kitu. Dukani nimekuta wanaume wazima wamesafisha rafu nzima ili wakauze kwa bei ya kuruka, na watoto wamesimama pembeni wanatazama. Kadi ikitoka tu inavalishwa plastiki, mtu anashika simu kutafuta bei, inafungiwa, basi. Mchezo wenyewe wengi hawaujui. Kule Tanga, nusu saa tu, wajomba zangu wale wadogo, watoto wa dada, walikuwa wameshabuni wa kwao: kadi mbili kwenye sakafu ya barazani, unapiga kiganja, ukiipindua ya mwenzio umekula, kama tulivyofanya na picha za bablishi. Binti yangu akatoa zile alizonazo mbili mbili zichezewe. Zilikunjika pembe, zikaingia mchanga. Sijawahi kumsikia akicheka vile akiwa na kadi huku Leicester, na niliona fahari kuzaliwa kwenye baraza ile.

Shangazi kanitumia ujumbe wa sauti kwamba namfundisha mtoto pata potea. Hapo ana hoja, maana pakiti huijui ndani, na mkono unatamani ya pili. Kwa hiyo ni moja kwa wiki, na bei hatuangalii.

Jana kakaa chini na bahasha ya kupeleka Tanga. Kachagua kadi 23, kaandika jina la kila binamu nyuma ya kipande cha karatasi, kavifunga kwa mpira wa nywele. Nikachomoa moja yenye nyota kwenye albamu nikamwekea juu ya fungu, nikidhani namsaidia. Akaitazama, akairudisha mahali pake.

"Hiyo bado, Baba."

Nikalamba gundi, nikafunga bahasha.