Kumi na nane ya Katiba, ishirini na mbili ya Tandahimba

Mchukue kijana wa Tandahimba, mkoani Mtwara, aliyezaliwa Desemba 2006. Tarehe 27 Novemba 2024, siku Tanzania Bara nzima ilipochagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, alikuwa amebakiza siku chache tu atimize miaka 18. Hakupiga kura. Mwaka uliofuata, 29 Oktoba 2025, umri ukawa umetimia, akaruhusiwa kumchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano. Lakini mwenyekiti wa kijiji, yule anayesuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba la babu yake, hana la kusema juu yake mpaka 2029. Siku hiyo atakuwa na miaka 22, wa 23 uko mlangoni.

Ibara ya 5 ya Katiba inasema raia aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kupiga kura. Sawa. Ila uchaguzi wetu huja kila baada ya miaka mitano, na kalenda haimsubiri mtu. Kwa hiyo umri halisi wa kupiga kura ya kwanza hapa kwetu ni popote kati ya 18 na karibu 23, kutegemea mama yako alikuzaa mwezi gani. Tungeshusha umri hadi 16, hata aliyezaliwa na bahati mbaya kuliko wote angekuwa ameshapiga kura kabla ya kutimiza 21. Nataka ushuke, na nataka tuanzie kijijini. Ikulu iache kwanza.

Nasema kijijini kwa sababu huko ndiko maamuzi yanakomgusa kijana wa miaka 16 moja kwa moja. Msimu wa kupulizia mikorosho, nani anaamka alfajiri kabla upepo haujaanza, bomba mgongoni, kitambaa kimefungwa puani, salfa, ule unga wa dawa ya mikorosho, umemjaa kwenye nyusi? Nani anaokota, nani anabeba magunia kwa bodaboda kupeleka kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima? Halafu mnada ukishafanyika, malipo yakaingia, mkutano wa kijiji unaitishwa kujadili michango ya madarasa, barabara ya kwenda ghalani, ushuru uliorudi kijijini umetumikaje. Hapo yule wa bomba anageuka mtoto. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea.

Kuna mkutano nilihudhuria upande wa Newala, ajenda mojawapo mgao wa salfa. Mtendaji alikuwa na orodha ndefu, maandishi madogo, na miwani kaisahau. Akaitwa binti wa kidato cha tatu aliyekuja kumsindikiza bibi yake. Akasimama, akasoma majina yote bila kukwama, akafika mahali akasema, "Shikamooni wazee, samahani, hili jina limerudiwa mara mbili na mifuko imeandikwa tofauti." Ukumbi kimya. Mwenyekiti akamshukuru, akamwambia, "Haya mwanangu, kaa pembeni sasa, tunaingia kwenye kupiga kura."

Mimi hapo ndipo hoja ya "hawajakomaa" inaponishinda kuielewa.

Na hii hoja ina historia mbaya. Kwenye uchaguzi wa kura tatu wa 1958, enzi za Mwingereza, Mwafrika hakuandikishwa hivi hivi tu. Alitakiwa awe na kisomo cha kutosha, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambulika. Waliotunga masharti yale nao waliamini wanalinda nchi na watu wasiokomaa. Bibi zetu waliokuwa wanalima na kulisha familia nzima walihesabiwa hawajui kitu.

Sisi watu wa kusini tena tusijifanye hatujui kwamba utu uzima ni jambo linaloamuliwa na jamii. Mtoto wa kiume akitoka jandoni anaambiwa ameshakuwa mtu mzima, asiingie tena chumbani kwa wazazi wake. Mwali akitolewa unyagoni anachezewa ngoma, anafundishwa mambo ya ndoa, na wengine tunaona kabisa ni mapema mno. Simsemi kungwi wa mtu, wala sitaki jando liwe kigezo cha kura. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo iliona binti wa miaka 15 anaweza kuolewa mzazi akiridhia, mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikathibitisha kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Miaka yote hiyo tuliona ana akili za kubeba mimba na kuendesha nyumba, tukaona hana akili za kumchagua mwenyekiti wa kitongoji.

Sauti tuliyompa ni ya 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Anasomea mgeni rasmi risala iliyoandikwa na mwalimu, anapigiwa makofi, anapewa soda, anarudi nyumbani. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa haki ya kutoa maoni. Maoni bila kura, mwanasiasa anayasikiliza huku anaangalia saa.

Kubwa zaidi ni ardhi. Hapo katikati ya miaka ya 2000 vijiji vinne vya Kilwa, Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti, vilijikuta vimeachia maelfu ya hekta kwa kampuni ya Kiholanzi ya BioShape iliyotaka kulima mibono ya kutengenezea mafuta. Kampuni ikafilisika kabla mradi haujasimama, na ardhi ikawa imeshatoka mikononi mwa vijiji. Waliokaa vikaoni walikuwa watu wazima watupu. Aliyekuwa na miaka 16 wakati ule leo yuko kwenye thelathini na kitu, ana watoto, anatafuta pa kulima. Na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay ni hivyo hivyo. Mikataba yake inapimwa kwa miongo.

Sasa wanaopinga. Wapo wanaosema vijana watanunuliwa kwa fulana na mafuta ya pikipiki. Wazazi wao wamenunuliwa kwa kanga na pilau tangu mfumo wa vyama vingi urudi, na hakuna aliyependekeza wanyang'anywe kura. Tuendelee.

Pingamizi linaloninyima usingizi ni linalomhusu mwalimu. Vituo vingi vya kupigia kura viko shuleni, na walimu ni miongoni mwa wanaoajiriwa kusimamia vituo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayekaa dahalia anamtegemea mwalimu kwa chakula, kwa ruhusa, kwa alama, kwa adhabu. Mwambie huyo kwamba kura ni siri, halafu aone mkuu wa shule amesimama mlangoni. Oktoba 2024, wakati wa kuandikisha wapiga kura wa serikali za mitaa, vyama vya upinzani vililalamika kwamba wanafunzi wasiofikia umri wameingizwa kwenye orodha. Lalamiko liwe la kweli au la, linaonyesha hatari ilipo: mtoto ambaye hana haki ndiye rahisi kutumiwa, maana hata akiulizwa hawezi kusema jina langu limefikaje hapo. Nisingekubali umri ushuke bila masharti mawili. Mwenye miaka 16 au 17 aandikishwe kitongoji anachoishi mzazi au mlezi wake tu, kamwe si bwenini. Na mwalimu asisimamie kituo ambacho wanafunzi wake wanapiga kura. Itakuwa usumbufu, watendaji watalalamika, lakini inawezekana.

Pingamizi la tatu naliheshimu zaidi ya yote, na halitoki kwa wazee. Linatoka kwa vijana wenyewe. Baada ya 29 Oktoba 2025, chama kikuu cha upinzani kikiwa hakimo kwenye karatasi, intaneti imezimwa, watu wamekufa, na mshindi ametangazwa kwa karibu asilimia 98, wananiuliza kura ya nini. Ruangwa mwaka 2020 mbunge alipita bila kupingwa. Aliyetimiza 18 mwaka ule alinyimwa hata nafasi ya kusema hapana. Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 angalau inataka mgombea pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Siwezi kuwaambia vijana hawa kwamba kushusha umri kutatengeneza hayo. Hakutatengeneza. Ninachoweza kusema ni kwamba kijiji ndiyo sehemu pekee ambapo mpiga kura anamjua mgombea kwa tabia zake, anajua nani alikula hela za zahanati na nani aliyezirudisha, na mwenyekiti asiyefaa anakutana na wapiga kura wake kisimani kila siku.

Nchi nyingine zimeshafanya. Brazil iliruhusu wenye miaka 16 kwenye katiba yake ya 1988, Austria ikashusha mwaka 2007, na vijana wa Scotland wa miaka 16 walipiga kura ya maoni ya uhuru mwaka 2014. Sizitaji ili tuige. Kila nchi na shida zake, na Cameroon mpaka leo wanasubiri miaka 20. Nazitaja kwa sababu kuna mtu ataniambia jambo hili halijawahi kutokea duniani.

Kilicho mbele yetu ni kazi ya Bunge, maana umri wa mkutano mkuu wa kijiji umo ndani ya sheria, waziri hawezi kuubadili kwa kanuni. Wabunge wa Mtwara na Lindi hupeleka hoja ya korosho kila msimu bei ikianguka. Mmoja wao apeleke na hii, kabla orodha za 2029 hazijaanza kuandikwa.