Mpwa Wangu Ameshtakiwa kwa Kunyeshesha Mvua

Mimi ni mtu mzima mwenye mvi za kutosha, na nimekwisha kuitwa shuleni kwa sababu zote ambazo mlezi wa mwanafunzi wa bweni anaweza kuitiwa: ada, godoro lililopotea, nywele zilizozidi kimo kinachoruhusiwa, na ile simu iliyokutwa ndani ya mkate kama tupa ya Fumo Liyongo. Hadi wiki iliyopita, hata hivyo, sikuwahi kuitwa kwenda kujibu kuhusu hali ya hewa. Mwalimu wa nidhamu alinipigia alfajiri, akanisalimu kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, akaniarifu kwamba mvua imeharibu mahafali ya kidato cha nne, kwamba uongozi unajua mvua hiyo imetoka wapi, na kwamba nifike shuleni nikiwa na nauli ya kumrudisha mtoto nyumbani iwapo kikao kitaamua hivyo.

Ukoo wetu una historia, sikatai. Mjomba wa mama yetu alikuwa mtemi wa himaya ndogo huku Usukuma, himaya ambayo mtu aliweza kuizunguka kwa baiskeli na kurudi kabla ugali haujapoa. Kwa desturi ya zamani ya himaya nyingi za huku, utemi haukwenda kwa mtoto wa mtemi bali kwa mtoto wa dada yake, na dhamana kubwa ya mtemi haikuwa vita wala kodi, ilikuwa mvua. Ikinyesha vizuri, hakuna aliyekuja kushukuru; isiponyesha, wazee walimfuata na kumwondoa kitini. Mimi nilichunguzwa tangu utotoni, wakaona kwamba nikisimama uwanjani jua huzidi kuwaka, basi macho yote yakahamia kwa mtoto wa dada yangu. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilikuwa imekwisha kuufuta utemi kwa sheria, na mzee alikuwa amekwisha kukabidhi baraza, karani na mshahara. Kitu kimoja tu hakikuorodheshwa kwenye makabidhiano hayo, nacho ni lawama. Hiyo tumeachiwa sisi.

Kabla ya kwenda bweni, mtoto huyu alikuwa akinimalizia bando kwa kusoma hadithi ndefu za kwenye simu, zile ambazo kijana mrithi wa ukoo ulioangushwa hupelekwa kwenye chuo cha kutisha, akaficha nguvu zilizopigwa marufuku, na kila sura ikakatika mlango unapogongwa ili msomaji alipie sura inayofuata. Nilizisoma kadhaa, kwa kuwa fedha ilikuwa yangu, na sikuona ugeni wowote. Chuo hicho kina king'ora, kina viranja wanaowapeleleza wenzao, kina ukuta uliopandwa vipande vya chupa juu yake, na kina lugha ambayo mtu akikutwa akiizungumza anaadhibiwa. Hayo yote tunayalipia ada kila muhula. Kilichonishangaza ni kwamba katika sura zote hizo mrithi hajapanga foleni ya uji hata mara moja, hajapalilia shamba la mwalimu, wala hajapewa orodha inayomtaka aripoti akiwa na jembe, fyekeo, ndoo, ufagio wa chelewa na rimu ya karatasi. Waandishi wale wamezoea hatari za kubuni.

Mpwa wangu alijificha vizuri kuliko mashujaa wao wote. Hakumtajia mtu habari za mtemi, alitumia jina la upande wa baba yake, na mawingu yalipokusanyika alitazama chini. Aliponzwa na kijana wa kijijini kwetu ambaye waligombana kwa sababu ya kipande cha sabuni. Siri ilipotoka, kidato cha nne walimletea chapati usiku na kumwomba azuie mvua mpaka mgeni rasmi aondoke. Akazila. Nimemweleza kwamba hapo ndipo alipoharibu, kwa sababu mtu akishakula chapati ya mkataba hawezi tena kusema kwamba hahusiki.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mkuu wa shule. Alikuwapo mkuu mwenyewe, mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa jiografia, matroni, mlinzi wa usiku aliyeletwa kutoa ushahidi, na mjumbe wa kamati ya maandalizi ambaye koti lake lilikuwa limeanikwa dirishani ili kila aingiaye alione. Nilisomewa tukio kwa utaratibu. Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne asubuhi, akafika saa tisa alasiri. Ngonjera ikasomwa, risala ikasomwa, risala ya pili ikasomwa kwa kuwa ya kwanza ilisahau kutaja uhaba wa madawati. Aliposimama na kutamka kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, upepo ukaondoka na turubai la meza kuu, keki ikalowa mpaka jina la shule likateremka kwenye kitambaa, na mgeni rasmi akakimbilia jikoni, ambako aliyaona kwa macho yake maharage ya wanafunzi. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililowauma zaidi, ingawa halikuandikwa kwenye mashtaka.

Nikaomba ruhusa ya kuuliza. Mahafali yalifanyika mwezi gani? Oktoba. Na ya mwaka jana? Oktoba. Na katika ukanda huu wa Ziwa, mvua za vuli huanza mwezi gani? Mwalimu wa jiografia aliinama kufunga kamba za viatu, ingawa alikuwa amevaa makubazi.

Vidhibiti vikaletwa. Cha kwanza kilikuwa kopo la samli ambayo dada yangu humfungia mwanawe kwa ajili ya ngozi. Cha pili kilikuwa unga wa kijani ndani ya karatasi, ambao matroni aliushika kwa ncha za vidole viwili, nami nikamweleza kwamba ni mlonge, akaurudisha mezani kwa masikitiko kwa sababu naye huutumia. Kisha mlinzi akatoka na kurudi akiwa amebeba, kwa koleo la jikoni, kitu kilichoelezwa kuwa ni tunguri lililokutwa limefukiwa nusu nyuma ya bweni. Watu wakasogeza viti nyuma. Lilikuwa chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa shingo, shingo yenyewe ikageuzwa juu chini na kuchomekwa ndani, na ubavuni ilikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula. Pembeni yake kulikuwa na daftari lenye tarehe na tarakimu. Mlinzi alitoa ushahidi kwamba kila siku saa tatu asubuhi mtuhumiwa alikiinamia chombo hicho, akanong'ona namba, akaandika.

Nilimgeukia mwalimu wa jiografia, nikamngoja. Alitazama dari. Nikamuuliza kwa heshima zote kama katika somo lake hakuna mahali ambapo mwanafunzi hufundishwa kutengeneza kipimamvua kwa chupa na kukisoma saa tatu asubuhi. Akajibu kwamba mada hiyo ipo, ila wao huifundisha kwa nadharia. Ni kweli, maana nje ya ofisi ile kipo kibanda cheupe cha hali ya hewa, chenye miguu minne na mbavu za mbao kama vitabu vinavyoagiza, na ndani yake hamna kipimajoto wala chochote, isipokuwa kuku wa matroni anayeatamia. Mtoto mmoja katika shule nzima amepima mvua, na huyo ndiye aliyeshtakiwa kwa kuileta.

Mwalimu wa nidhamu hakurudi nyuma. Alinitajia Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo Waingereza waliitunga na sisi tukaendelea kuitunza, akasema inamgusa hata yule anayejidai tu kuwa na nguvu hizo. Nikamjibu kwamba mtoto hajajidai. Waliojidai kwa niaba yake ni wao. Nikaona sasa nimepata mwendo, nikasimama, nikarekebisha ukosi. Nikawakumbusha habari za shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, ambako tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka, na kicheko kikaenea kikawapata 95 kati ya wanafunzi 159, mpaka shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Madaktari walipima, wakatafuta sumu, wasiione. Walimu, kama ilivyo desturi yao, hawakucheka hata mmoja. Nikasema kwamba shule ya bweni ina uwezo wa kuzalisha maajabu yake yenyewe bila msaada wa ukoo wa mtu yeyote.

Nikaenda mbali zaidi. Mwaka 1937, katika shule ya serikali ya Tabora, ambayo Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 wakiwalenga hasa wana wa watemi, alipokewa kijana mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, naye alikuwa na jina la Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni jina la mzimu wa mvua. Hakulificha. Tabora kuna mvua, tena kuna radi, na sijapata kusoma popote kwamba mlezi wake aliitwa kwa sababu uwanja umelowa. Waliposikia jina la Mwalimu wote walinyamaza, na mkuu wa shule akafunga kifungo cha juu cha shati.

Nilidhani nimeshinda. Badala yake nikaletewa fomu ya ahadi, imepigwa mihuri miwili, ambayo ilinitaka mimi mlezi nitamke kwamba mwanafunzi aliyetajwa hapo juu hatasababisha, hatachochea wala hatashiriki hali yoyote ya hewa katika eneo la shule na mita mia moja kuzunguka ukuta. Niliisoma kwa makini kwa sababu mimi sisaini kitu nisichokielewa. Nikauliza kama umande umo. Wakashauriana, wakasema umande usamehewe. Ukungu? Mkuu alitaka ukungu uzuiwe kwa kuwa wanafunzi huutumia kutoroka, ila mwalimu wa nidhamu akahofia kwamba tukiuandika tutakuwa tumekubali kwamba anauweza. Tulijadili mvua ya mawe. Tulijadili upepo, ambao mjumbe wa kamati alisisitiza utajwe peke yake kwa ajili ya turubai. Nikauliza, je, ukija ukame, shule itanipigia tena kunilaumu kwamba nimebana? Hapo ikabidi waongeze kifungu kwamba mwanafunzi hatazuia mvua pia. Kwa hiyo sasa mpwa wangu amefungwa kwa maandishi asinyeshe na asiache kunyesha, na mimi ndiye mdhamini.

Niliposaini, mwalimu wa nidhamu akanisindikiza hadi langoni, akatazama kushoto na kulia, akanishika mkono kwa upole ambao sikuujua kwake. Binti yake anafanyiwa sherehe ya kuagwa Jumamosi, ukumbi ni wa wazi, na angeshukuru kama mzee, kwa utaratibu tunaoujua wenyewe, angeliona jambo hilo.

Hapo ndipo adabu yangu ilipokatika, na maneno niliyoyasema hayafai kuandikwa. Kwa maana kilichokuwa kikiniwasha rohoni tangu nilipoingia hakikuwa fomu. Nilipokuwa nikipita mbele ya mabweni nililiona paa refu la bati, limeenda urefu wa uwanja wa mpira, halina mfereji hata mmoja wa kukinga maji, na chini yake ardhi imechimbika kwa matone ya miaka. Mvua ile iliyowakimbiza wageni ilimwagika pale yote, ikateremka bondeni, ikaishia. Kesho yake watoto waliamshwa saa kumi usiku, wakapewa ndoo zile zile walizotoka nazo nyumbani, wakaenda kuchota maji kisimani ng'ambo ya barabara kuu, gizani, malori yakipita. Watu wazima sita wenye vyeti walikaa asubuhi nzima kumtafuta aliyeileta mvua, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza ilikokwenda! Nilimwambia mwalimu hivyo. Akasema suala la tangi lipo kwenye mpango mkakati.

Nikarudi Mwanza kwa basi. Habari zilikuwa zimenitangulia. Konda aliniuliza kama afunike mizigo ya juu, mwenye nyumba wangu akanitumia ujumbe kuhusu bati linalovuja, akidokeza kwamba ukarabati wa kitu cha namna hiyo kwa kawaida hubebwa na upande unaohusika, na jirani mwenye shamba la mpunga kaniletea jogoo, nikamkataa jogoo kwa sauti kubwa ili mtaa usikie.

Mama wa dagaa pale mwaloni hakuniletea kitu, yeye alikuwa akidai. Alikuwa ameanika mchangani mzigo mzima wa dagaa, mvua ile ile ikampitia, na dagaa wakilowa na kuvunda hushuka bei mpaka kwa wafuga kuku. Nilimweleza habari za vuli, habari za mwaka 1963, na habari za fomu niliyoisaini, ambayo inathibitisha kisheria kwamba hatuhusiki. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba, mimi sikulaumu. Ila enzi za mtemi, tungejua tumfuate nani." Akaanza kupima. Nimebeba debe zima la dagaa waliolowa, nimelilipia kwa bei ya wakavu, na sifugi kuku.